Mwenyekiti Bado Analelewa

Inatangazwa kwa wananchi wote, wa juu na wa chini, walioketi na waliosimama, kwamba kuanzia leo tunaingia katika Msimu wa Malezi Shirikishi, ambapo familia na asasi za vijana zitashikana mikono kumjenga kijana kuanzia utosini hadi unyayoni. Vijana wote wanaombwa kuwa na furaha. Furaha itaanza saa nne kamili asubuhi.

Tangazo hilo lilipita mitaani juu ya gari lenye kipaza sauti, na aliyelisoma alikuwa Mwenyekiti wa Baraza la Vijana mwenyewe, akikatishwa mara mbili tatu na kikohozi chake. Watu walimwita Chipukizi. Jina hilo alipewa siku alipochaguliwa, na siku hiyo kweli alikuwa anachipua: nywele nyeusi tii, magoti hayana kelele. Tangu hapo nywele ziliondoka moja moja bila kuaga, magoti yakaanza kulia kama bawaba zisizotiwa mafuta, lakini jina likabaki, na kiti kikabaki, na Chipukizi akabaki juu yake. Alikuwa na miaka sitini na ushei. Huo ushei hakupenda uzungumzwe.

Mtu asidhani Baraza hilo lilikuwa la mzaha. Lilikuwa na ukumbi wake wa matofali ya kuchoma, na juu ya mlango bango limeandikwa UKUMBI WA MAENDELEO YA VIJANA. Ndani kulikuwa na viti ambavyo bado vimevikwa nailoni za dukani, ili vijana watakapokuja wavikute vipya. Kulikuwa na meza ya tenisi, ambayo wajumbe waliilalia kifudifudi wakichuliwa migongo, na katika taarifa ya mwaka jambo hilo liliandikwa chini ya Michezo. Kila siku baada ya chakula cha mchana Baraza lilikaa kikao cha kutafakari. Aliyepita nje aliwasikia wakitafakari kwa kukoroma.

Ufunguo wa ukumbi ulikuwa mmoja tu. Ulining'inia shingoni mwa Chipukizi kwa uzi mweusi, ndani ya shati. Hata akioga aliuvaa.

Ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa duka la misumari na mabati, chini ya turubai lenye matundu, alikaa binti yake. Huyu alikuwa fundi cherehani, na alikuwa akiwafundisha kazi wasichana wa mtaa, nao pamoja wakajiita chama cha ushonaji. Mvua ikinyesha, mmoja alisimama na ufito kuinua turubai maji yamwagike, wengine wakizifunika cherehani kwa nguo zao wenyewe, kwa sababu mtu akilowa hukauka, lakini cherehani ikilowa huota kutu. Na sasa mwenye duka alikuwa amewaambia wahame mwisho wa mwezi, anataka kupanga mabomba pale. Wazazi wa wasichana walikuwa wameanza kunung'unika: kama hakuna pa kukaa, basi warudi nyumbani wakakae. Binti akavuka barabara kwenda kwa baba yake.

"Baba, tunaomba ukumbi. Hata kona tu."

"Ofisini naitwa Mwenyekiti."

"Mwenyekiti, tunaomba kona."

"Ukumbi ni wa vijana, binti yangu."

"Kwani sisi ni nini? Makabati?"

Chipukizi akamweleza kwa upole, kama kiongozi anavyopaswa. Nafasi za vijana zilikuwa zimejaa. Wajumbe waliozishika bado hawajamaliza ujana wao, na kumkatiza mtu ujana wake katikati ni kumdhulumu. Hata hivyo Baraza halikuwasahau: yeye na wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuwekwa katika kundi la Vijana Watarajiwa.

"Tutarajie mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu akue."

"Na dalili zipo?"

Chipukizi akawatazama wajumbe wake waliokuwa wamejinyoosha mezani na chini ya meza. "Kwa sasa hakuna dalili," akasema. "Ombi lenu limepokelewa."

Basi, ndege wa shari naye akawa njiani. Wizara ilileta agizo kwamba kiongozi wa vijana asizidi miaka thelathini na mitano. Siku hiyo Baraza halikutafakari. Katibu wa Baraza, mwanamume aliyezoea kuyaweka meno yake ya juu kwenye glasi vikao vikiwa virefu, aliyavaa yote ili aweze kulalamika vizuri.

"Thelathini na mitano!" akasema. "Mimi nina soksi zenye umri huo!"

"Tulia," Chipukizi akamwambia. "Miaka ni ya magari na majengo. Binadamu hapimwi kwa miaka."

Akapanda basi mpaka wizarani, akaketi mbele ya wakubwa, akawatolea hoja ambayo mpaka leo inasifiwa. Kijana, alisema, si umri. Kijana ni mtu anayelelewa. Mwenye mzazi wa kumlea ni kijana, asiye naye ni mtu mzima, na huo ndio ushirikiano wa kweli baina ya familia na asasi. Wakubwa waliguswa. Waliguswa zaidi wale ambao miaka ilikuwa imewatupa mkono lakini mama zao walikuwa hai, maana nao walikuwa na vyeo vyao huku na huku vyenye neno vijana ndani yake. Wakampa kalamu aandike mwenyewe. Akaandika: Kijana ni mtu yeyote ambaye bado yumo katika malezi ya mzazi au mlezi wake, bila kujali umri, kimo wala cheo. Wakaupiga chapa, wakauita Mwongozo, wakasema mkaguzi atapita kuthibitisha.

Chipukizi alirudi akipiga mluzi. Mama yake alikuwa hai.

Tena alikuwa jirani. Alikaa chumba cha uani cha nyumba ileile, mwembamba, mkavu, hana fimbo wala miwani. Chipukizi alimkuta kwenye kigoda, sinia la maharage mapajani, anatoa mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, nimekuja kikazi."

"Kazi haijazi tumbo. Umekula?"

"Nimekula. Mama, taifa linahitaji unilee."

Jiwe moja likaruka likaangukia uani. "Linahitaji nini?"

Akamweleza habari ya Mwongozo, akazunguka huku, akazunguka kule, mpaka mama akainua mkono kama anayefukuza nzi.

"Nilikulea nikamaliza," akasema. "Nikakuoza. Ukazaa, nikalea na wako. Leo unanirudisha darasa la kwanza?"

"Ni utaratibu tu, mama. Mkaguzi akija unasema, huyu bado namlea. Basi."

"Nimdanganye mgeni?"

"Si uongo, mama. Ni takwimu."

"Mimi takwimu sizijui. Nikisema nakulea, nitakuwa nakulea. Unataka?"

Chipukizi akakifikiria kiti chake, foronya ya mgongoni, na watu wanavyosimama akiingia. "Nataka."

"Kweli kweli?"

"Kwa mujibu wa Mwongozo."

"Haya. Kitendawili!"

"Mama, nina kikao."

"Mtoto wa kulelewa hana kikao. Kitendawili!"

"Tega."

"Kuku wangu kaatamia miaka nenda rudi. Ukimwondoa, hakuna yai. Ukimwacha, hakuna kifaranga."

Chipukizi akakuna kidevu. "Ukame."

"Siyo."

"Changamoto za kimfumo."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Hata sisi hatujui, lakini kila tukiitaja huwa inakubaliwa."

"Basi umeshindwa. Nipe mji."

Kila mtu anajua kwamba mwenye kushindwa kitendawili hutoa mji, ndipo aliyetega aupokee na kutoa jibu. Ndivyo vitendawili vilivyo tangu vianze. Lakini Chipukizi hakuwa mtu wa kutoa kitu. Hata salamu aliitoa kwa mafungu.

"Suala la mji linahitaji mashauriano," akasema. "Nitakuletea majibu."

"Nitangoja. Sasa vua viatu, umekanyaga nilipofagia."

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa Chipukizi mambo yalikwenda kinyume: ulimwengu ulijaribu, ukashindwa, ukamrudisha kwa mamaye. Na tena wakasema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikuwa ng'onda mkavu, lakini mama alimkunja hivyo hivyo, na sauti zilisikika kwenye viungo.

Asubuhi iliyofuata aligongewa dirisha kabla ya ndege kuamka. Akapewa ndoo. Akaenda bombani, akapanga foleni baina ya watoto wa shule, akijiambia kwamba hiyo ni ziara ya kukagua miundombinu. Aliporudi alikaguliwa masikio. Alipotaka kuondoka aliulizwa anakwenda wapi, kwa nani, na atarudi saa ngapi.

"Nina semina, mama. Mji wa pili."

"Inahusu nini?"

"Kujenga uwezo."

"Uwezo wa nini?"

Chipukizi akafikiri kwa uaminifu. "Wa kuhudhuria semina."

"Huendi."

"Mama! Kuna chakula cha mchana!"

"Na hapa kuna maharage."

Katibu akaongoza ujumbe peke yake. Chipukizi akabaki nyumbani, akaosha masufuria, akayafuta, akayapanga kuanzia kubwa hadi dogo. Zoezi hilo lilikwenda vizuri na lilikamilika ndani ya muda uliopangwa.

Hakulalamika. Kila jioni alikishika kile kiti chake cha Baraza kwa mikono miwili, akajikumbusha kwamba mkaguzi akishapita, malezi yatakwisha na uongozi utaendelea. Siku moja tu ndipo alipotokwa na jasho. Alikuwa katikati ya kikao, anasoma taarifa yenye kichwa Kijana Kama Nguzo, mlango ukafunguka.

"Kitumbo!"

Wajumbe wakageuka. Hakuna aliyekuwa akijua kwamba Mwenyekiti wao, nyumbani, tangu utotoni, aliitwa Kitumbo.

"Mama, niko kwenye kikao."

"Nilikutuma chumvi tangu asubuhi. Mchuzi umeiva unangoja kikao?"

Mwenyekiti akafunga faili. "Kikao kinaahirishwa," akatangaza, "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa Mwenyekiti."

Mama hakuondoka mara moja. Hakuwa ameingia ndani ya ukumbi ule tangu siku ulipozinduliwa. Akatembea polepole. Akagusa kiti kimoja, nailoni ikalia kwacha kwacha. Akainusa meza ya tenisi, akakunja pua.

"Hivi viti vinamngoja nani?"

"Vijana, mama."

"Na wale kule?" Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara. Manyunyu yalikuwa yameanza, na ufito ulikuwa juu.

"Wale ni watarajiwa."

Mama akanyamaza. Na mama akinyamaza, mtoto mwenye akili hutafuta uvungu. Chipukizi akaenda kununua chumvi.

Jioni hiyo walikula watatu, yeye, mama na binti. Binti alimega, akatafuna, akatazama sahani.

"Una nini, mjukuu wangu?" bibi akamuuliza.

"Hakuna kitu, bibi."

"Hakuna kitu ndiko kuliko na vitu. Sema."

"Yule wangu wa kola. Yule anayekata kola bila kuchora. Mama yake kamwondoa leo. Kasema mafunzo ya mvuani atafunzwa na mafua." Akasukuma sahani. "Na wawili wamesema wiki ijayo nao hawaji. Bibi, nikiwa na wanne kile chama si chama tena. Ni mimi na cherehani zangu tu."

Chipukizi aliangalia mkono wa binti yake. Ulikuwa na alama za sindano kwenye ncha za vidole. Alitaka kusema neno. Likaja mpaka kooni, likakuta ufunguo umening'inia hapo, likarudi.

"Suala lenu liko kwenye mchakato," akasema.

"Kula, Kitumbo," mama akamwambia. "Na mdomo ukiwa na chakula usizungumze."

Siku ya ukaguzi mvua iliamka mapema kuliko watu. Ukumbi ulifagiwa, mafuta ya kuchua yakafichwa, na kiti kimoja kikavuliwa nailoni kwa heshima ya mgeni. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani, mkoba, na viatu vya kutembea mbali. Hakuwa na mzaha hata wa kuazima. Yeye aliamini kila kilichoandikwa, na cha kupigwa chapa alikiamini zaidi.

Akaanza na Katibu. Katibu alikuwa hana mama wala baba, ila alikuwa amemleta shangazi yake kutoka mbali, ajuza mwenye sikio moja linalosikia na jingine la kupumzika.

"Bibi," Mkaguzi akauliza, "huyu unamlea?"

Shangazi akamtazama Katibu juu mpaka chini. "Huyu ndiye yule wa bati?"

"Bati gani?"

"Aliniambia nije atanipa bati la jikoni. Linavuja. Kumlea? Nimlee nani, jitu zima hili?"

Mkaguzi akaandika. Na hapo hapo, mbele ya macho ya watu, Katibu akakua. Akaondolewa kwenye safu ya vijana, akaketishwa nyuma na wazazi.

Wajumbe wengine nao wakakua mmoja baada ya mwingine, kama mihogo iliyonyeshewa, mpaka akabaki Chipukizi. Mama akaitwa mbele. Hakukaa.

"Mzazi, bado unamlea huyu?"

"Namlea. Jana nimemkata kucha."

"Anatii?"

"Anajifunza."

"Kuna uthibitisho wowote?"

"Kitumbo," mama akasema, "toa ulimi."

Mwenyekiti wa Baraza la Vijana akatoa ulimi. Mkaguzi akausogelea, akautazama kupitia miwani, akaandika: Ulimi upo, hutolewa kwa amri ya mzazi. Kisha akasimama.

"Nimezunguka na Mwongozo huu sehemu nyingi," akasema, "sijaona malezi shirikishi yaliyokamilika hivi. Nakutangaza Kijana Halali."

Akamkabidhi cheti. Makofi yakapigwa, hasa na Chipukizi. Akainuka, magoti yakalia, akafungua kinywa.

"Ndugu wananchi, kwa niaba ya vijana wenzangu..."

"Kaa kwanza," mama akasema.

"Mama, natoa hotuba."

"Nimesema kaa."

Akakaa.

"Shingoni umevaa nini?"

Mvua ikasikika juu ya mabati. "Ufunguo, mama."

"Mtoto wa kulelewa hachezei funguo za majumba. Lete."

Chipukizi akamgeukia Mkaguzi. "Mheshimiwa, hili si la kifamilia. Hili ni la kitaasisi."

Mkaguzi akafunua Mwongozo, akalowesha kidole, akatafuta. "Yumo katika malezi ya mzazi," akasoma, "bila kujali umri, kimo wala cheo." Akasoma tena kwa sauti ya mtu anayeonja asali. "Wala cheo. Kumbe! Kifungu hiki kimeandikwa vizuri sana. Kimeandikwa na nani?"

Mkaguzi akangoja.

"Mimi," akasema Chipukizi.

"Hongera."

"Kama hulelewi, sema," mama akamwambia, wala hakupandisha sauti. "Mimi nitakwenda zangu, nimeacha sufuria motoni. Ukisema umekua, umekua."

Chipukizi akatazama nyuma. Katibu, aliyekuwa amekua, alimpungia mkono kutoka benchi la wazazi, na pembeni yake palikuwa na nafasi. Akisema amekua, kiti kimekwenda. Akisema analelewa, ufunguo umekwenda. Alitafuta njia ya tatu, na kwa mara ya kwanza katika uongozi wake hakuiona.

"Labda tuunde kamati..." akaanza.

"Kitumbo. Nakudai mji."

"Mama, hapa?"

"Hapa hapa. Kuku wangu kaatamia miaka nenda rudi. Ukimwondoa, hakuna yai. Ukimwacha, hakuna kifaranga. Jibu umepata?"

Akafungua kinywa kusema ukame, akakifunga. Akatazama viti ndani ya nailoni zao, safu kwa safu. Akatazama meza. Akatazama ukutani, pale karibu na dirisha, tofali moja lililokaa upande. Tofali lile alilipanga yeye. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini; yeye na wenzake walibeba matofali yote yale kwa mabega kutoka tanurini, wakiimba, mikono imechubuka, na mama alikuwa akiwaletea uji kwenye ndoo.

"Tofali lile si umelipinda?" mama alimwambia siku ile.

"Liache, mama," alimjibu. "Watakaokuja watalinyoosha."

Mlango ulikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara turubai lilikuwa limejaa maji, limeshuka kama tumbo, na binti yake alikuwa chini yake na ufito, anainua.

Chipukizi akageuka akakitazama kiti chake, chenye umbo lake.

Jibu alikuwa amelipata. Ndiyo maana akasema, "Nimeshindwa, mama."

"Basi nipe mji."

"Chukua mji wowote, mama."

"Wowote siujui njia. Utaje."

Akaingiza mkono ndani ya shati, akauvuta ule uzi. Ulikwama kidogo kwenye sikio, lile lililokaguliwa asubuhi. "Nimekupa huu," akasema. "Huu ukumbi."

Mama akapokea kwa mikono miwili, maana mji ni mji. "Nimeupokea," akasema. "Nimefika mjini, nimekuta viti vingi havijakaliwa, na meza ya kulalia. Sasa, jibu la kitendawili..."

"Usiseme, mama."

"Sisemi. Unalijua." Akaenda mlangoni, akaweka kiganja mdomoni. "Wee mjukuu! Vukeni, kabla hamjaota uyoga!"

Wakavuka. Cherehani zilibebwa mbili mbili, zimefunikwa kwa nguo, na wasichana walilowa chapachapa wakicheka. Nailoni zikachanwa, krrr, krrr, safu nzima, na wajumbe wa zamani wakaziba masikio kama watu wanaosikia mifupa ikivunjika. Vitambaa vikatandazwa juu ya meza ya tenisi, na ilitosha kukata sare za shule nzima. Msichana mmoja akatumwa mbio kumwita yule wa kola.

Mkaguzi akaandika taarifa nzuri mno. Mfano huu, aliandika, uenezwe kote, na mama wote wasomewe kifungu kile. Wizara ikaueneza kwa fahari. Inasemekana siku chache baadaye, katikati ya mkutano mkubwa huko juu, simu ya mkubwa mmoja ililia. Akatoka nje, akaipokea kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mama," alisikika akisema. "Hapana, mama, gari si langu, ni la serikali... Nitalirudisha, mama... Ndiyo, nimekula."

Kabla hajarudi ndani, simu nyingine ikalia, ya aliyekaa kulia kwake. Kisha nyingine.

Ama Chipukizi, kesho yake baada ya chakula cha mchana alikwenda ukumbini kutafakari. Alimkuta binti mlangoni, uzi mweusi shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kukaa kwenye kiti changu."

"Ukumbi ni wa vijana, baba."

"Mimi ni Kijana Halali. Nina cheti."

"Nafasi zimejaa. Ila tumekuweka kwenye watarajiwa."

"Nitarajie mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu akue." Akawatazama wanafunzi wake, vichwa vimeinama, magurudumu yanazunguka. "Usijali, baba. Sisi huwa tunakua."

Akamletea kiti, kimoja cha vile vipya, akakiweka karibu na dirisha penye mwanga. Akampa shati lisilo na vifungo, na sindano iliyokwisha tungwa uzi, kwa sababu alikuwa mtoto mwenye huruma. Chipukizi akashona. Kifungo cha kwanza kilikaa upande, kama lile tofali. Mama akapita mlangoni na kikapu.

"Umeaga kuja huku?"

"Nimeaga, mama."

"Sindano uishike vizuri, usijichome."

Akapita. Chipukizi akashona kifungo cha pili. Kila baada ya mshono alikuwa akikitupia jicho kile kiti cha zamani chenye umbo lake, ambacho sasa kilikuwa kimewekewa pasi na kikapu cha nyuzi. Wazo likamjia. Wasichana ni wadogo, akajisemea, vitendawili vya zamani watavijulia wapi? Wakishindwa, watadaiwa mji. Na mji anaoutaka anaujua.

Akakohoa kiofisi. "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia wote.

"Kuku wangu kaatamia..."

"Mwenyekiti!" wakajibu kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kutoka kwenye cherehani.